Mama Aambiwe Kabla ya Dripu ya Kwanza

Binti mmoja mzaliwa wa Congo-Brazzaville alihamia Ubelgiji akiwa na miaka 11, anaugua selimundu. Kabla hajapandikizwa uloto wa ndugu yake, madaktari wa Brussels walimtoa ovari moja wakaigandisha vipande vipande. Alikuwa hajavunja ungo. Dawa kali za upandikizaji ziliiharibu ovari iliyobaki. Zaidi ya miaka kumi baadaye alirudishiwa vile vipande, hedhi ikaja yenyewe, na Novemba 2014 akajifungua mtoto wa kiume.

Dodoma, saa chache tu kutoka Iringa, watoto wenye selimundu wanapandikizwa uloto tangu 2023. Dawa za kuuandaa mwili ni za jamii ileile inayotibu saratani.

Kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, mzazi anayeleta binti mwenye saratani ana swali moja: atapona? Wengi hufika ugonjwa umeshakomaa na nauli imekwisha. Kumtajia mama huyo habari za wajukuu kunaweza kuonekana dhihaka.

Si dhihaka hata kidogo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone. Watakaopona watakua, wataolewa, na baadhi yao mawifi wataanza kuwasema kwamba hawashiki mimba. Jibu litakuwa limelala kwenye faili ambalo hakuna anayejua liko kabati gani.

Mitungi ya nitrojeni ya kuhifadhia ovari zilizogandishwa ni ghali, na inaweza kusubiri. Kwa leukemia, hata Ulaya madaktari husita kurudisha kipande kilichogandishwa, kisije kikarudi na seli za saratani. Lakini kalamu ipo. Siklofosfamaidi, dawa ya kawaida ya saratani ya Burkitt, kwa dozi ndogo mara nyingi humwachia msichana uwezo wa kuzaa. Dozi zikirundikana, mambo hubadilika. Basi jumla ya miligramu iandikwe kwenye daftari analorudi nalo mama nyumbani, Mbarali au Kilolo. Na binti anayekwenda kupigwa mionzi ya nyonga, daktari wa upasuaji aulizwe mapema kama ovari zinaweza kusogezwa pembeni.

Wizara ya Afya iongeze mstari mmoja kwenye fomu ya rufaa: mzazi ameelezwa kuhusu uzazi? Akijibu kwamba kwanza anataka mwanawe apone, jibu lake liandikwe hivyohivyo, kisha aulizwe tena atakaporudi kliniki.