Kabla ya kununua mota kubwa, pima hiyo mbao

Wasee, tangu nianze kupost hii boti yangu ya mbao ya rimoti, swali ni lile lile: "Umeweka mota gani?" Hakuna anayeuliza ina gramu ngapi. Na mimi nashikilia kwamba hilo la gramu ndo swali lenyewe. Nawajua majamaa ambao wamemaliza akiba ya miezi Luthuli Avenue wakitafuta mota na betri kali, halafu boti yao inakaa majini kama karai la mjengo.

Tuelewane kwanza. Haidropleni si boti ya kawaida iliyoongezewa nguvu. Mbele ina miguu miwili mifupi, mmoja kila upande, na katikati yake kuna nafasi kama handaki. Ikishika kasi, hewa inaingia hapo chini, inabanwa, inasaidia kuinua tumbo lote. Kinachobaki kikigusa maji ni visigino vya ile miguu na propela ya nyuma, tena propela yenyewe nusu iko nje. Sehemu tatu tu. Maji ni mazito zaidi ya mara 800 kuliko hewa, kwa hivyo kila sehemu unayoitoa majini ni breki umeiachilia. Sasa boti nzito haifiki hapo. Inalima tu maji, mota inachemka, betri inaisha, na mwenyewe anarudi dukani kununua mota kubwa zaidi. Ambayo pia ina uzito wake, manze.

Twende kwa hesabu, na hii ndo sehemu watu wanaruka. Zile za ukweli, zinazokimbia Seattle kule Marekani, zina urefu wa mita 9 hivi na uzito wa tani 3 hivi. Kipimo ambacho wajenzi wa modeli wanakipenda sana ni 1 kwa 8. Urefu unagawanya kwa 8, unapata mita moja na kitu. Lakini uzito hugawanyi kwa 8 mara moja. Unagawanya mara tatu, kwa sababu umepunguza urefu, upana na kimo. Hiyo ni 512. Kilo 3,000 ukizigawa kwa 512, unabaki na chini ya kilo 6. Ndani ya hizo kilo kuna mota, betri, usukani, gundi, rangi, kila kitu!

Chukua sasa plaiwudi ya milimita 9, ile fundi anajengea kabati. Mita moja ya mraba ni kilo 5 hivi. Boti ya ukubwa huo, sitaha na sakafu peke yake zinakula mita nzima ya mraba. Umemaliza kilo zako kabla hujagusa waya. Plaiwudi ya milimita 1.5 kwa eneo lile lile haifiki kilo moja. Ni nyembamba, ndio, lakini ukiilaza juu ya mbavu zilizosimama karibu karibu na fito za kuziunganisha, inakaza kama ngozi ya ngoma. Mbavu zenyewe zitoboe katikati, kwa sababu nguvu iko pembeni.

Wazungu wengi wanatumia balsa, mti wa Ecuador, wenye uzito wa kilo 160 hivi kwa mita ya ujazo. Saiprasi yetu ni karibu mara tatu ya hiyo. Balsa hapa ni bei, kwa hivyo mimi nachana fito nyembamba za saiprasi na naweka balsa mahali pa kujaza tu. Epoksi nayo si mchuzi. Paka, kisha kwangua na kadi ya zamani mpaka ibaki ile iliyoingia kwa mbao. Na uwe na mizani ya jikoni mezani muda wote (mama atalalamika, mnunulie nyingine).

Kuna mtu ataniambia nguvu ndo kila kitu. Angalia basi mwaka 1950. Rekodi ya kasi majini ilikuwa ya Malcolm Campbell, kilomita 228 kwa saa, tangu 1939, na injini yake ilikuwa Rolls-Royce ya kutisha. Ikavunjwa kule Seattle na Slo-mo-shun IV, iliyochorwa na Ted Jones na kujengwa na Anchor Jensen, boti ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa mbao. Kilomita 258. Injini yake ya Allison ilikuwa na nguvu kidogo kuliko ile ya Campbell. Umbo na ile propela ya nusu-nje ndo zilifanya kazi.

Lakini wepesi pia si ruhusa ya ujinga. Tarehe 4 Januari 1967, Donald Campbell, mtoto wa huyo Malcolm, alikufa pale Coniston boti yake ilipoinua pua na kupinduka hewani. Uzito ukae wapi ni muhimu kama uzito wenyewe. Kwa modeli, boti isawazike nyuma kidogo tu ya visigino vya mbele. Betri iweke kwa reli inayosogea, anza ikiwa mbele, rudisha pole pole. Na usiwahi kuiwasha palipo na watoto wanaoogelea. Hiyo propela inakata kidole.

Najua pia wale wa printa ya 3D wananingoja kwa komenti. Nawaheshimu. Lakini plastiki ya PLA inazama yenyewe, mbao inaelea, na mbao ikipasuka Jumamosi nairekebisha usiku huo huo kwa gundi na msasa.

Kinachoniuma ni kwamba tunapigiwa kelele za STEM kila siku, na kuna mwanafunzi anayejua kukokotoa ujazo kwenye karatasi lakini hajawahi kupewa msumeno mkononi. Hiyo hesabu ya 512 iko kwa silabasi. Haidropleni moja ya mbao ingemwonyesha inafanya nini, tena kwa pesa ndogo kuliko ile mota anayoiota.

Fremu ya boti yangu ya pili iko gramu 640 leo asubuhi. Mota bado sijanunua.