USIMCHANIE MTOTO DAFTARI LA NDEGE (Sehemu ya 3)

Mama zangu, tangu niweke sehemu ya 2 napokea meseji zinazofanana. Kijana yuko kidato cha kwanza, kutwa anachora ndege za kivita za kubuni, zile za propela za mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Mama mmoja kachana daftari zima, na wengine mkampigia makofi! Leo mtanisamehe, nitakuwa mkali.

Eti anapoteza muda. Ukitaka ndege ya 1945 iende kasi zaidi, unaweka injini kubwa. Injini inaleta uzito, uzito unadai mbawa kubwa, mbawa kubwa zinakula kasi uliyoitafuta. Mtoto anayehangaika na hilo anafanya hesabu ileile anayoikimbia darasani.

Kinachonikera mimi kwenye hiyo michoro ni kingine, na hapa naongea kama nesi. Mizinga ipo, kasi imeandikwa, rangi imepakwa. Rubani je? Kaduara kadogo kwenye kioo, basi.

Mtu wa kilo 60 akikata kona kali sana angani, mwili unaweza kumlemea kama wa kilo 360. Damu inashuka miguuni, macho yanaingia kiza, anazimia. Ndiyo maana mwaka 1944 marubani wa Marekani walianza kuvalishwa suruali za kujazwa hewa, zibane tumbo na mapaja. Kwenye mita 10,000 bila oksijeni, dakika mbili haziishi akiwa na akili zake. Wajerumani walipounda Dornier 335 yenye propela mbele na nyuma, walijua ile ya nyuma ingemkatakata anayeruka, wakamwekea kiti cha kumrusha nje.

Halafu moto, jamani. Kwenye Spitfire ya Waingereza tangi la petroli lilikuwa mbele ya rubani. Likitobolewa na risasi, moto unamjia usoni na mikononi. Vijana wabichi kabisa walipelekwa East Grinstead kwa daktari Archibald McIndoe. Aliona walioangukia baharini vidonda vyao vinapona vizuri zaidi, akawa anawaogesha wagonjwa kwa maji ya chumvi. (Msije mkammwagia chumvi mtoto aliyeungua! Maji safi yanayotiririka, dakika 20, kisha hospitali.) Mwaka 1941 wagonjwa hao walianzisha chama chao, na hadi vita inaisha kilikuwa na wanachama zaidi ya 600. Kuna mtu alikaa mezani, kalamu mkononi, akalichora lile tangi pale.

James Martin wa Uingereza alimpoteza mwenzake, Valentine Baker, Septemba 1942 akijaribu ndege yao ya MB 3. Injini ilizima. Baadaye kampuni yao ikageukia kutengeneza viti vya kumtoa rubani akiwa hai.

Kwa hiyo kaa na kijana wako umuulize. Huyu anapumua nini huko juu? Tangi liko wapi? Ndege ikiwaka anatokea wapi, na mikono imeshaungua? Akikosa jibu, achore upya. Kazi za shule zitangulie, hapo sibishani na mtu.

Na wewe uliyechana, kamnunulie lingine. Lile la hesabu, lenye miraba, litamsaidia kwenye vipimo.