Ziada au Akiba? Hoja Kuhusu Istilahi za Kufungamanisha Milango ya Swichi

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umeshughulika mno na majina ya vitu: iwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Majina ya kazi zinazofanywa na vitu hivyo hayakupewa uzito wa kutosha, ilhali huko ndiko jina baya linakoweza kuleta hasara ya fedha. Makala haya yanachukua mfano mmoja, yaani utaratibu wa kufanya milango miwili au zaidi ya swichi ya mtandao itumike kama mlango mmoja.

Swichi ni kile kisanduku kinachopokea nyaya za kompyuta mbalimbali na kuipeleka kila pakiti ya data kwa anayehusika. Mlango ni tundu ambamo waya huchomekwa. Swichi mbili zikiunganishwa kwa nyaya mbili bila utaratibu wowote, hutokea mzunguko, na data huweza kuzunguka humo hadi mtandao mzima ulemewe. Kinga aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985, akiwa katika kampuni ya DEC, huondoa hatari hiyo kwa kuufunga waya mmoja, ukae kimya hadi mwenzake ukatike. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Kalpana, iliyonunuliwa na Cisco mwaka 1994, ilileta EtherChannel, ambayo iliruhusu nyaya zote zifanye kazi kwa wakati mmoja. Kiwango cha pamoja cha IEEE, 802.3ad, kilipatikana mwaka 2000, na mwaka 2008 kikahamishiwa katika 802.1AX.

Utaratibu huu uitweje? "Kuunganisha" hakutoshi, kwa kuwa kila waya huunganisha. "Kuchanganya" kunapotosha zaidi: msomaji atadhani kwamba milango miwili ya gigabiti 1 inakuwa mlango mmoja wa gigabiti 2, kama maji ya ndoo mbili yaliyomiminwa katika pipa moja. Sivyo ilivyo. Swichi hufanya hesabu kwa kutumia anwani za mtumaji na mpokeaji, na jibu la hesabu hiyo ndilo linaloamua waya utakaotumika. Mawasiliano ya kompyuta mbili juu ya jambo moja hubaki katika waya mmoja, ili pakiti zisifike zikiwa zimepitana njiani. Kwa hiyo mtu anayenakili faili moja kubwa hatapata zaidi ya gigabiti 1 kwa sekunde, hata akifungiwa milango minane. Wanaofaidika ni watumiaji wengi kwa pamoja. Kitenzi "kufungamanisha" kinaafiki hali hii, kwani vilivyofungamana hushirikiana bila kupoteza nafsi zao. Nacho si kigeni kwa yeyote aliyewahi kusikia habari za nchi zisizofungamana na upande wowote.

Neno la pili ni zito zaidi. Sifa ya mfungamano ya kuendelea kufanya kazi mlango mmoja unapokufa ikiitwa "ziada", mhasibu ataifuta katika bajeti, na hatakuwa na kosa, maana ziada katika Kiswahili ni kilichozidi mahitaji. Neno linalostahili ni "akiba". Akiba huwekwa kwa makusudi, na akiba iliyokwisha kutumika si akiba tena. Chukua mfungamano wa milango miwili ya gigabiti 10 ambao kila siku hubeba gigabiti 14. Wauzaji watausifu kwamba una kasi na pia una kinga. Kwa kweli kinga yake imekwisha kuliwa: mlango mmoja ukifa, gigabiti 4 hazina pa kupita, na chuo kinachopokea maombi ya udahili siku ya mwisho kitalijua hilo siku hiyohiyo.

Akiba pia haihifadhiwi mahali pamoja. Nyaya mbili zinazopita katika mtaro mmoja hukatwa na jembe moja, na milango miwili ya swichi ileile huzimika pamoja umeme wake ukikatika. Kanuni hiyo haina ukubwa wala udogo. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na huduma ya intaneti nchini Tanzania na kwa baadhi ya majirani ikazorota sana.

Itapingwa kwamba mafundi hutumia maneno ya Kiingereza na huelewana vizuri. Ni kweli, lakini wanaoidhinisha malipo si mafundi. Kamati ya zabuni inayosoma Kiswahili ina haki ya kukuta katika waraka "mfungamano wa milango", na mbele yake tarakimu mbili badala ya moja: uwezo wakati milango yote ni hai, na uwezo unaobaki mmoja wao unapokufa.