Lifti ya Ngazi: Aulizwe Mwenye Kiti

Ni muhula wa pili sasa tukimpandisha mwenzetu ghorofa ya tatu mikononi, miguu yake ikining'inia mbele ya kadamnasi. Yasemekana chuo kinanuia kununua lifti ya ngazi. Jambo jema, ila ni lifti ipi?

Ile ya kiti kinachopanda juu ya reli humfaa mkongwe awezaye kujiketisha. Mja asiyeweza kujiinua, wala kukaza kiwiliwili bila mikanda, atabebwa vile vile: chini apakiwe, juu apakuliwe mithili ya gunia, na huko juu pawepo kiti kingine cha magurudumu kinachomngoja. Huyu anahitaji jukwaa linalompokea pamoja na kiti chake. Naam, jukwaa ni ghali zaidi na hudai ngazi pana. Basi na upimwe upana huo, zipimwe kona, upimwe na uzito wa mtu na kiti kwa pamoja. Betri ya akiba isisahauliwe. Umeme wetu twaujua.

Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 hutanguliza utu na heshima, ndipo itaje haki ya kufika kila mahali. Hadi leo hapana aliyemwuliza mwenzetu iwapo swichi ataibonyeza kwa kidole au kwa kidevu.