Komba hakuwa mwimbaji tu

Mwandishi, Kapteni John Komba umemfanya mwimbaji wa CCM aliyezawadiwa ubunge. Sisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa tulimchagua 2005, tukamrudisha 2010, jimbo la Mbinga Magharibi. Kikundi cha muziki cha TOT kilimpa jina, sikatai. Nyimbo zake za kumlilia Mwalimu Nyerere mwaka 1999 ziliiliza nchi nzima. Lakini wilaya ya Nyasa ilipokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012, mbunge alikuwa yeye. Kabla ya hapo mtu wa Lituhi alipandisha milima mpaka Mbinga mjini kufuata ofisi ya wilaya (masika, usiulize). Mdomo alikuwa nao, ndiyo. Ile ya 2014, kutishia kuingia msituni muundo wa serikali tatu ukipita kwenye Katiba mpya, hata mimi shabiki wake ilinikera.