Jirani akikuuzia tiketi ya kwaya
Desemba ikikaribia, usimnunie jirani anayekuuzia tiketi ya kwaya. Waimbaji hao ni makarani, walimu na wanafunzi wasiolipwa hata senti. Hutoka kazini jioni wakapanda matatu kwenda mazoezini. Pesa zako hulipia ukumbi na mpiga kinanda.

Tena jambo hili si geni. Messiah ya Handel ilipoimbwa mara ya kwanza huko Dublin mwaka 1742, mabibi waliombwa wasivae magauni mapana, na mabwana waache panga zao nyumbani (panga!), ili watu wengi zaidi waenee. Sehemu ya mapato iliwakomboa wafungwa 142 waliofungwa kwa sababu ya madeni.

Nunua tiketi mbili, umchukue na mtoto. Haleluya ikianza, simameni; ndiyo desturi.