Shosti, huo si uzuri, damu imekwisha!

Juzi saluni kaingia dada mmoja, wenzake wakapiga vigelegele: “Mwenzetu siku hizi unang’aa! Umebadili mkorogo nini?” Mtoto wa watu kacheka, kaketi, anatweta utadhani kapanda mlima. Nikamshika viganja: vyeupe pee! Kuvuta kope ya chini, wekundu hakuna. Nikamwambia, shosti, huo si uzuri, damu imekwisha!

Basi kila mtu akawa daktari. Huyu rozela, yule bitiruti. Akina dada, rozela ni tamu, lakini wekundu wake ni rangi tu, si damu. Mwili unataka madini ya chuma: maini, nyama, dagaa, maharage, matembele. Chuma cha majani ni kivivu kuingia mwilini, kwa hiyo kamulia limau au shushia na chungwa. Chai juu ya mlo ndiyo mwizi wenyewe! Ipe angalau saa moja.

Na ule udongo wa pemba mkobani? Usinifiche. Hamu hiyo mara nyingi huja na upungufu wa damu, na udongo nao huweza kukizuia chuma. Unajaza ndoo huku umeitoboa!

Tena jiulize, damu inapotelea wapi? Hedhi nzito, safura, malaria, mimba za kufuatana. Hapo hata ungekunywa pipa la rozela, kazi bure mpaka hilo litibiwe.

Kwa hiyo kapime. Mwanamke akiwa chini ya 12, au mjamzito chini ya 11, damu ni pungufu. Ukipewa vidonge vya wekundu, choo kikiwa cheusi usikimbie, ndivyo vilivyo. Tumbo likisokota, meza baada ya chakula. Na ukianza kujisikia vizuri usiviache, maana akiba ya mwili hujaa kwa miezi, si kwa wiki. Mwenye selimundu yeye asimeze bila daktari.

Yule dada alikwenda, akakuta 7. Saba, jamani, na sisi tulikuwa tunamsifia!

Haya, leo ukitoka kusuka, pitia zahanati kwanza. Tukutane wiki ijayo.